Fungu la Mwalimu

Mwalimu Nicodemo Margwe alikuwa mtu wa kutii karatasi. Wanaume wenzake wa Dongobesh wakiambiwa kliniki waache hiki na kile, huitikia "sawa, daktari" kwa unyenyekevu wote, wakaikunja karatasi mara nne, wakaitia mfuko wa shati, na ikifika jioni wameshaisokotea tumbaku. Mwalimu hakuwa hivyo. Siku aliyorudi na karatasi yake ya lishe aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akatafuta misumari minne, akaigongomea ukutani juu ya meza ya kulia chakula, pale pale ilipokaa ratiba ya vipindi miaka yote aliyofundisha. Akarudi nyuma hatua mbili kuona kama imenyooka. Haikunyooka, akaing'oa pembe moja, akaigongomea upya. Ndipo akamgeukia mkewe.

"Mama Eva," alisema, "kuanzia leo samli basi. Na siagi."

Natalia, mke wake, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, kibuyu mapajani, anasukasuka maziwa. Mkono wake ukasimama.

"Basi kabisa, au basi ya kupunguza?"

"Imeandikwa kabisa. Siagi, samli, maziwa yenye mafuta yake, nyama yenye mafuta, ngozi ya kuku, na yale mafuta ya dukani ya madumu ya njano." Alikuwa akisoma kwa kidole, kama anaelekeza darasa la nne. "Tutatumia alizeti, kijiko kimoja kwenye mboga. Majani, maharage, maboga, matunda. Na kutembea nusu saa kila siku."

"Na kula utakula nini?"

"Si ndiyo nimekusomea?"

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 2011. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, wa miaka tisa tu, na Mwalimu alikuwa mstaafu wa miaka sitini na mitatu. Wiki tatu nyuma alianguka makaburini, koleo mkononi, wakati wa kumfukia jirani yao, na watu wakadhani naye anafuata. Kilikuwa kizunguzungu tu. Lakini walipompima damu walikuta mafuta yamezidi mno, kile kitu ambacho wataalamu wanakiita lehemu, wakamweleza kwamba kinaganda ndani ya mishipa kidogo kidogo mpaka siku moja damu inakosa pa kupita. Natalia alisimuliwa yote hayo na akayaelewa. Asije mtu akasema alikuwa mwanamke asiyeambilika.

Kilichomchoma hakikuwa katazo lenyewe, bali jinsi mume wake alivyolipokea. Jioni ile alimwekea ugali mkavu, mchicha na kipande cha boga la kuchemsha, akajiegemeza mlangoni kusubiri. Alitegemea walau mguno. Alitegemea kwamba mtu aliyekula siagi ya mkono wake kwa miaka ishirini na minane ataitazama sahani, ataligusa lile shimo la katikati ya ugali ambamo siagi huwekwa ikayeyuka, aseme hata "lo!" Mwalimu alinawa, akasali, akala boga lote, akashukuru, akaenda kusikiliza redio. Natalia alibaki akiitazama sahani tupu na hakuwa na wa kumgombeza.

Kuna mambo ambayo mtu wa mbali hawezi kuyajua bila kuambiwa, kwa hiyo tuyaseme. Natalia ni binti wa Gidahosh, mfugaji wa Kibarbaig wa kule Getanuwas, kwenye uwanda wa Hanang. Huko ndiko Mwalimu Margwe, kijana wa Kiiraqw mwenye suruali pana na baiskeli isiyo na breki, alipangiwa kazi mwanzoni mwa mwaka 1983. Alikuwa akizunguka boma kwa boma akiomba watoto wa kuandikisha shule. Kwa Gidahosh alifika midomo imemkauka. Mzee hakuwa na mpango wa kutoa mtoto, wala hakuwapenda sana Wairaqw, ila mgeni ni mgeni, akaamuru apewe maziwa. Natalia ndiye aliyeyaleta. Kijana akanywa, akasita, akakitazama kibuyu, akanywa tena bila kupumua, na alipokishusha alikuwa na mstari wa siagi juu ya mdomo na uso wa mtu aliyesahau alichojia. Wanawake wa boma walicheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake alirudi. Kesho kutwa akarudi tena, ingawa alishaambiwa kwamba watoto wa kumpa hakuna.

Maneno yalikuwa mengi kabla ya kuoana, ya huku na ya kule, tusiyarudie. Siku ya kuondoka mama yake alimpa Natalia kibuyu chenye mkanda wa ngozi shingoni, akamwambia kama alivyoambiwa na yeye na mama yake: hiki ni cha mume. Wageni wana chao na watoto wana chao. Fungu la mume halitoki nje ya nyumba, halimwagwi, na kibuyu chake hakikauki mume akiwa hai. "Kikikauka," mama alisema, "watu watauliza amekufa lini."

Akaja nacho Dongobesh. Akabatizwa, akajifunza kulima vitunguu saumu, akajifunza Kiiraqw cha kuwasalimia wakwe, akafundishwa kusoma na mume wake mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwenye meza ile ile ya kulia. Akavumilia baridi ya huko juu, ambayo huingia hadi kwenye meno. Soko huria lilipokuja na mitumba yake, sabuni za kila rangi na mafuta ya madumu, majirani walinunua ng'ombe wa kisasa wanaojaza ndoo. Yeye aling'ang'ania wa kienyeji, wa chupa mbili kwa siku lakini maziwa mazito. Na kila asubuhi aliwasha kijinga cha mzeituni pori, akakisugua ndani ya kibuyu mpaka moshi ukashika, ili maziwa na siagi vinukie. Maneno ya mapenzi wao wawili hawakuyazoea. Mwalimu aliona haya, na yeye kwao hayasemwi. Walikuwa na kibuyu, na kiliwatosha.

Sasa basi: mume yu hai na hali. Afanye nini? Natalia alikaa siku mbili na bonge la siagi bakulini, limefunikwa. Kuigawa hawezi, kuimwaga hawezi, na kuacha kibuyu kikauke ndiyo kabisa asingethubutu hata kwa kutishwa. Siku ya tatu Mwalimu alipotoka kwenda kutembea, alifunga mlango wa jiko, akaupa mgongo, akala. Alikula upesi, kwa kidole, bila ugali, kama mtu aliyeiba. Kisha akajifuta mdomo akasema kwa Kibarbaig, kwa sauti ya kusikika, "Ameshakula." Moyo ukamtulia. Fungu lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hai anatembea barabarani na kofia yake.

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Alipakua chakula cha mume, alipakua chake, kisha akala chake pamoja na siagi ya mume. Usicheke. Kuna watu husali kwa niaba ya wengine na hakuna anayewacheka. Natalia alikula kwa niaba.

Mwalimu naye alizidi kuwa mgeni. Kila asubuhi, Natalia akishika tu kijinga chenye moto, huyo anachukua kofia na kutoka, iwe mvua iwe ukungu, wala hageuki. Zamani alikuwa akikaa pale pale jikoni na kikombe cha chai mpaka kibuyu kisukwe na siagi itoke. "Anaukimbia moshi wangu," Natalia alijiambia. Alipungua tumbo, mkanda ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Wenzake wakamsifu barabarani, "Mwalimu, umekuwa kijana!" na Natalia akiambiwa hayo alitabasamu kwa meno tu. Kijana wa nani? Kijana aliyemjua yeye alikuwa na siagi mdomoni.

Alimkumbuka mume wake, na mume wake alikuwa chumba cha pili akisikiliza taarifa ya habari. Ukimkumbuka aliyekufa, watu wanakuletea unga, wanakaa nawe, wanakuambia pole. Ukimkumbuka aliye hai utamwambia nani? Alianza kuikumbuka na Getanuwas, kitu alichokuwa ameacha kukifanya tangu Eva, binti yao, azaliwe. Alikumbuka mavumbi ya jioni ng'ombe wakirudi, na ule mlima wa Hanang ukiwa umesimama peke yake, na kicheko cha wale wanawake. Mara nyingine machozi yalimtoka akiwa anakuna boga, na hakuwa amekata kitunguu. Alitaka kitu kimoja tu: Mwalimu atamani tena fungu lake. Hata asile. Atamani tu.

Ilipofika Juni alipiga moyo konde. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akajifunga shuka la baridi mabegani, akaenda mwenyewe kliniki ya lishe, ambayo ilikuwa kila Alhamisi.

Mtaalamu wa lishe alikuwa binti kutoka Masakta aitwaye Rogathe, mwenye sauti ya taratibu, na mezani kwake palikuwa na sahani ya plastiki iliyochorwa mistari: nusu mboga za majani, robo ugali, robo maharage au nyama. Alisimama Natalia alipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mke wa Mwalimu Margwe."

"Karibu sana, karibu ukae. Nimekusubiri miezi minane."

Natalia hakuelewa kwa nini alisubiriwa, lakini alikuwa na lake, akalitoa kabla halijamkwama kooni. "Nimekuja kukuomba kijiko kimoja. Cha Jumapili tu, cha siagi. Uandike kwenye karatasi nyingine, maana yeye pasipo karatasi hali."

Rogathe hakucheka, na kwa hilo Natalia alimpenda. "Mama, Mwalimu anafanya vizuri kuliko wote ninaowahudumia. Mafuta yake yameshuka, na presha imeshuka."

"Najua anafanya vizuri. Hilo ndilo linaloniua."

Binti alivuta daftari. "Na wewe je? Niambie ulichokula tangu jana ulipoamka. Chochote, hata cha kuonja."

Natalia hakuwa na cha kuficha. Chai ya maziwa na kiazi kitamu. Mchana ugali na maharage. Jioni ugali na mchicha. "Na fungu la Mwalimu," alimalizia.

"Fungu la Mwalimu ni lipi?"

Akamweleza. Alimweleza yote, kibuyu, maneno ya mama yake, mlango wa jiko aliokuwa akiufunga. Alipoulizwa ni kiasi gani, alikunja ngumi akaionyesha: ngumi moja kwa siku mbili. Masika inazidi kidogo. Rogathe aliweka kalamu chini polepole.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Oktoba."

"Ukipanda mlima unahema?"

"Nani hahemi Dongobesh? Kote ni mlima."

"Zamani ulikuwa unahema?"

Natalia alifikiri. Akavuta shuka lake mabegani.

"Njoo kesho asubuhi kabla hujala kitu," Rogathe alisema. "Tukutoe damu."

"Mimi? Hebu nitazame, mwanangu. Mimi ni mwembamba kama fito!"

"Mafuta ya kwenye damu hayapigi hodi kwa nje, mama. Wembamba hauyazuii."

Alikwenda Ijumaa akiwa na njaa, akatolewa damu, akarudi nyumbani bila kumwambia mtu. Alhamisi iliyofuata akapewa karatasi yake mwenyewe. Ilikuwa na jina lake juu, na tarakimu, na chini yake, kwa wino mwekundu, siagi, samli, maziwa yenye mafuta yake. Rogathe alimweleza kwamba lehemu yake imepita hata ile aliyokuja nayo Mwalimu mara ya kwanza. Akamweleza kwamba si hukumu, inashuka, Mwalimu mwenyewe ameishusha. Natalia alisikiliza akiitazama ile sahani ya mistari. Moyoni alikuwa na neno moja tu.

"Kwa hiyo kibuyu kikauke," alisema.

"Nani kasema kikauke? Kibuyu sikukikataza. Kisuke kama kawaida, toa siagi yote mpaka ya mwisho, uiuze sokoni au umpe jirani asiye na tatizo. Yale maziwa yanayobaki hayana mafuta ya kutisha. Kikombe kimoja kwa siku, nyote wawili mnaweza kunywa. Si nilimwandikia Mwalimu nyuma ya karatasi yake? Na nikamwambia kwa mdomo aje na wewe."

Natalia hakukumbuka alivyoaga. Alipofika nyumbani Mwalimu alikuwa shambani kuangalia maharage. Alichukua kisu, akapanda juu ya kiti, akaing'oa misumari minne, mmoja mmoja. Nyuma ya karatasi, upande ambao kwa miezi minane ulikuwa ukisomwa na ukuta peke yake, kulikuwa na mistari miwili kwa mwandiko wa Rogathe. Mtindi uliotolewa siagi yote, kikombe kimoja kwa siku. Mke ashirikishwe.

Aliyasoma maneno mawili ya mwisho mara nyingi. Yalikuwa maneno mepesi, ya mtu aliyeanza kusoma. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuyasoma, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeyageuzia ukutani. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Akaketi mezani na karatasi zote mbili mbele yake akamsubiri.

Mwalimu aliingia akikung'uta udongo viatuni, akaona ukuta mtupu.

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Hii hapa. Nimesoma na upande wa pili."

Uso wa Mwalimu ulibadilika. Alivua kofia, akakaa, akaizungusha kofia mikononi. Wanafunzi wake wa zamani wangeshangaa kumwona vile, maana vile walikaa wao mbele yake.

"Miezi minane," Natalia alisema. "Miezi minane nakuona unakula maboga kama mfungwa, nikidhani umenichoka. Kumbe uliruhusiwa kunywa kwenye kibuyu changu. Mbona hukuniambia? Nilikukosea nini?"

"Ningekuambiaje?" Mwalimu alisema, macho kwenye kofia. "Maziwa yaliyotolewa siagi, kwenu mnawapa nani?"

Natalia alikitazama kibuyu. Alijua, na Mwalimu alijua pia. Kwa Gidahosh yale wanapewa ndama na mbwa. Mwanamke akimpa mume wake, boma zima litajua kwamba amemdharau.

"Niliishi Getanuwas miaka minne, sikuwa kipofu," Mwalimu aliendelea. "Nije hapa nikusimamie, nikuambie, binti Gidahosh, nitilie cha mbwa? Kwenye kibuyu cha mama yako? Nikaona afadhali niache vyote. Boga haliaibishi mtu."

"Na asubuhi? Unakimbia nini asubuhi?"

"Moshi." Akaiweka kofia mezani. "Ukikiweka kile kijinga ndani ya kibuyu, harufu ikishatoka, mimi siwezi kukaa humu ndani. Nitakula. Najijua, nitakula nimalize, nianguke tena. Siku moja nimefika mpaka kule darajani ndipo nikakumbuka nimevaa ndala." Akajikohoza. "Mimi kufa siogopi sana. Nawaza tu, nikiondoka, wewe unabaki hapa na ndugu zangu. Usiku unaongea Kibarbaig usingizini. Nani atakujibu?"

Natalia hakujua kwamba huongea usingizini. Hakujua kwamba hujibiwa. Hasira yote iliyokuwa masikioni ilimwishia, na mahali pake pakaja kitu kizito zaidi, na hakukuwa na njia nyingine ila kuisukuma ile karatasi ya pili mezani mpaka ikafika mbele ya mume wake.

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma kama alivyozoea, kwa kidole, kuanzia juu. Kidole kilipofika kwenye jina kikasimama. Kilipofika kwenye tarakimu kikarudi tena juu kwenye jina, maana tarakimu hizo alikuwa amejifunza kuzisoma.

"Hii si yako."

"Jina ni la nani?"

"Wewe hata siagi hukuwa mlaji. Wewe ulikuwa..." Akatazama jikoni, akatazama bakuli lililofunikwa, akamtazama mkewe. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu hii haikumchukua muda. "Fungu langu. Nilidhani unampa mama jirani."

"Fungu la mume halitoki nje. Na kibuyu kikikauka wewe ukiwa hai..." Hakuimaliza. "Nilikula ili usife, Mwalimu."

"Na mimi niliacha ili nisife."

Walitazamana. Mtu mwingine angecheka, na labda siku nyingine wangecheka. Mwalimu aliweka kiganja chake chote juu ya ile karatasi, juu ya jina, kama anataka kulifunika lisionekane na ugonjwa. Alilia bila sauti, miwani ikiwa bado usoni. Natalia alikuwa hajawahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mama yake mzazi. Alinyoosha mkono, akamvua miwani, akaifuta kwa kitenge, akamrudishia. Hakuweza kufikiri jambo jingine la kufanya.

Kisha akainuka, akachukua kibuyu. Maziwa ya siku mbili yalikuwa tayari. Mwalimu safari hii hakutoka. Alikaa pale pale akamtazama akisuka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Siagi ilipotoka Natalia aliitoa yote, akachungulia ndani, akaingiza kidole akatoa na ile iliyobaki shingoni. Akaifunga kwenye jani la mgomba, akaita dirishani, na mama jirani akaja kuichukua huku akiuliza kulikoni. Fungu la mume likatoka nje ya nyumba. Natalia aliliona likivuka ua, likapita kwenye majani ya viazi, likaingia mlango wa watu. Mama yake alikuwa amefariki miaka kumi na miwili iliyopita, lakini bado alimwomba radhi.

Akamimina yaliyobaki kwenye vikombe viwili. Alimpa mume wake kikombe bila kumtazama usoni. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, kama kule Getanuwas mtu anavyopokea kitu mkononi mwa mzee. Akanywa mpaka chini.

"Sema kweli," Natalia alisema.

"Maji haya."

"Najua."

"Maji yaliyopita karibu na ng'ombe."

Natalia akaonja yake. Yalikuwa hivyo hivyo hasa, na akacheka. Wakakaa na vikombe vyao. Nje jua lilikuwa limeshuka kwenye mihindi na ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni. Redio haikufunguliwa.

"Binti Gidahosh," Mwalimu alisema baada ya muda, "ile uliyokula. Ilikuwaje?"

"Ipi?"

"Zote. Anza na ya Oktoba, usiruke hata moja."

Natalia alivuta kiti karibu. "Ya Oktoba ilikuwa ngumu," alisema, "maana ng'ombe alikuwa anakula mabua. Ngumu, nyeupe, inakatika kwa kisu."

"Na moshi?"

"Ulisikika."

"Sana?"

"Sana. Nilikuwa nimekisugua kibuyu mara mbili, nilidhani labda utarudi mlangoni."

Mwalimu akameza mate. Natalia alimwona, akaendelea na ya Novemba.